Sifuri Ambayo Papa Hakuipima

Siku ya kwanza, tarehe 4, mwezi wa tatu
Nimetoboa kadi mia mbili za mashini ya hesabu kabla ya saa sita. Vidole vinauma. Mawe ya mgodi wa Kakanda, Papa Ilunga ameyapima yote mwenyewe, kwa mizani yake ya zamani. Namba ameziandika kwa mwandiko ule ule alionifundishia kazi nilipoingia labo, maabara ya shaba hapa Panda. Wakati wa kutoboa kadi naruka virgule zake, zile koma, mashini haizitaki. Programu yangu mpya inaweka nukta yenyewe.

Siku ya pili, tarehe 5
Majibu yametoka. Eti mawe ya Kakanda karibu hayana shaba. Shefu, mkubwa wa labo, anasema macho ya Papa yamekwisha. Siku ya tano anatolewa kwenye mizani, atakaa mlangoni kuandika wanaoingia.
Papa alipangusa mizani tu. Kesho nitapiga hesabu mwenyewe.

Siku ya tatu, tarehe 6
Nimepiga hesabu ya lundo zima la mawe kwa kalamu. Napata shaba 3,5 kwa mia. Mashini ilitoa 0,35. Nikaelewa. Programu inadhani kila namba ina tarakimu mbili nyuma ya virgule, kama zinavyotoa mizani mpya za wenzake Papa. Mizani ya Papa inatoa moja. 3,5 bila virgule ni 35, na 35 kwa programu ni 0,35. Sikuijaribu hata kwa jiwe moja ambalo jibu lake nalijua. Uvivu.
Nikamuuliza Papa kwa nini haongezi zero, aandike 3,50. Alinitazama kama nimemtuma kuiba.
“Mwana, ile zero minye sikuipima. Nitaiandika namna gani?”
Nililia chooni. Nampenda huyu mzee. Na ni minye ninayemtoa.

Siku ya ine, tarehe 7
Nimemwambia shefu kosa ni langu. Nilidhani mlangoni nitakaa minye. Alisoma daftari langu la hesabu mara mbili, akasema nitoboe kadi zote upya, na nukta. Basi.
Papa alisikia. “Sasa weye ndiye wa kuvaa miwani,” akasema. Tulicheka mpaka akakohoa.

Siku ya tano, tarehe 8
Kadi zimekwisha. Ya kwanza kwenye fungu ni ya jiwe la Papa ambalo jibu lake nalijua, na itabaki ya kwanza daima. Mashini ikikosa kusema 3,5, hakuna kuendelea. Papa ameandika jina lake pembeni mwa kadi kwa penseli, polepole.
Imesema 3,5.
Alifunika mizani kwa kitambaa, tukatoka pamoja. Mlangoni kiti alichowekewa kilikuwa kitupu.