Mikono ya Gauni la Kuagwa

Mama yangu kipenzi,

Huko uliko sijui kama kuna joto. Hapa Temeke leo hata paka wamelala chali. Nimetoka kwa fundi kupimwa gauni la sherehe ya kuagwa, maana mwanao naolewa. Fundi akauliza bila hata kuinua macho, "Mikono mirefu kama kawaida yako, eeh?" Nikamwambia nitarudi kesho.

Njia nzima nilikuwa nakuona. Tupo Kurasini, unawakaangia maandazi madereva wa malori, nami nang'ang'ania kusaidia. Ukanielekeza nilitelezeshe donge pembeni mwa karai. Nikalirusha, jeuri yangu hiyo. Mafuta yakanirukia mkono mzima. Ukakimbilia dawa ya meno, kama ambavyo mama yeyote wa mtaa wetu angefanya, ukanipaka mpaka mkono ukawa mweupe. "Inavuta moto hiyo, vumilia mwanangu."

Kidonda kikatunga usaha. Nesi aliuloweka na kuubandua ule ukoko wa dawa ya meno huku akikufokea mbele za watu, kwamba maji safi ya bomba yangetosha. Ukauma pindo la kanga. Tangu hapo kila nguo yangu ikawa na mikono mirefu, bila kujali joto. "Funika, wasije wakaniuliza nani kakuunguza."

Mimi ule ukali wa nesi naukumbuka kwa mbali tu. Ninachokumbuka sana ni mchana mmoja mrefu, unanipepea kwa kipande cha boksi, nalia panawasha, nawe umenishika vidole nisijikune. "Kikiwasha ujue kinapona."

Siku hizi nafundisha baiolojia. Nachora ngozi ubaoni: tabaka la juu, jembamba, linalopukutika na kuzaliwa upya kila mara, chini yake tabaka nene lenye mishipa ya damu, neva na mashina ya vinyweleo, kisha mafuta. Jeraha likizama, nawaambia, mwili husafisha kwanza, halafu husuka nyuzi harakaharaka kuziba pengo. Vinyweleo haurudishi, wala jasho. Hilo ndilo kovu. Jana katikati ya somo, chaki mkononi, nikakuwaza. Ngozi ya mashavu uliyoibusu imeshapukutika yote, Mama. Lakini mkononi pangu pamesukwa wewe ukinipepea.

Mama mdogo anataka mikono mirefu, eti tusikuaibishe. Mbishi kama wewe. Nimechoka kuficha, Mama, na inaniuma kwamba ulikwenda kaburini ukijiona uliniharibu. Hukuniharibu. Ulikosea dawa tu, na hakuna aliyekuwa amekufundisha.

Kesho namwambia fundi akate juu ya kiwiko. Atakayeuliza nitamjibu kwamba hapa ndipo mama aliponipepea.

Pumzika sasa, Mama. Usinifunike tena.

Kitinda mimba wako