Bega Langu Jipya na Msusi Orest

Jumatatu, 9 Januari

Baridi gani hii! Kutoka hospitalini Saskatoon, huku Kanada, mpaka nyumbani barabara barafu tupu. Daktari Friesen katuonyesha picha ya bega langu la kulia. Gegedu imekwisha, mfupa unasaga mfupa, na kikombe chenyewe cha bega, mkono unamokaa, kimelika nyuma. Bega la bandia la kawaida halitashika. Kwa hiyo atageuza: mpira ukae penye kikombe, kikombe kiende mkononi. Pengo ataliziba kwa mfupa wangu mwenyewe, ule atakaoukata juu ya mkono. Usiposhikana — kisu tena. Mume wangu Orest, fundi matrekta mstaafu: "Daktari, vipuri vyake vina garantii?" Aibu! Daktari alicheka mpaka akavua miwani.

Jumatano, 18 Januari

Kesho. Nimejaza friza pyrohi, zile sambusa zetu za viazi za kuchemsha — nimekunja kwa kushoto, zimetoka kama masikio ya nguruwe. Kisu nakiogopa. Nywele nazililia. Zinafika kiunoni, na dada Stefka kwenye simu anasema nikate tu, nani atanisuka? Orest akapokonya simu. "Mimi nipo!" Mtu mwenye upara!

Ijumaa, 20 Januari

Hai! Naandika kwa kushoto, mwandiko wa kuku. Jana nilipozinduka nilipapasa mkono kifuani, nikamfokea Orest autoe. "Ni wako huo, bibie!" Ganzi. Nesi alikufa kwa kicheko. Leo ganzi imeisha. Sicheki.

Jumapili, 29 Januari

Orest kanisuka. Kamba ya kukokotea trekta! Kanisani Bibi Petryshyn akauliza nani kanifanyia hivi. Nikamwonyesha. Mzee kifua mbele, kana kwamba kasifiwa.

Jumatatu, 6 Machi

Picha mpya. Mfupa umeanza kushikana! Daktari anasema tusishangilie bado. Tumeshangilia ndani ya gari.

Jumanne, 18 Aprili

Wiki iliyopita mkono ulikomea kwenye paji. Leo, bafuni peke yangu, ukapanda utosini — ukashuka kisogoni. Kisogoni! Nikagawa nywele mafungu matatu, nikasuka. Bega linauma, lakini msuko umenyooka. Wangu. Nikalia kidogo.

Mara viatu koridoni. "Bibie! Nimeona mtindo mpya kwenye video, wa samaki! Tangu asubuhi najifunzia kwenye ufagio. Umeshaoga?"

Nimejibu, "Bado."

Nimekaa ukingoni mwa bafu, daftari gotini. Msuko nimeufumua nusu. Anagonga tena. "Kitana ninacho!"

Namwambia nimeshaweza mwenyewe, au —