Njia Ipo, Baba

Baba,

Shikamoo. Najua leo huitikii, lakini nikianza barua bila kukuamkia nitahisi unanitazama kwa lile jicho lako la pembeni. Basi marahaba nimejiitikia mwenyewe, tuendelee.

Njia ipo! Jana nimeipita kwa baiskeli, kutoka chemchemi ya upande wa pili wa mlima hadi nyuma ya nyumba yetu hapa Busi. Nimeanguka mara mbili. Kiwiko kimechubuka, suruali imechanika mahali ambapo sitakutajia, na tangu jana nacheka peke yangu mpaka Mama ananiuliza kama nimekula kitu.

Nikukumbushe tulipofikia, maana uliondoka katikati ya ubishi. Mimi na Idrisa fundi baiskeli tulikuwa na vipande viwili vya njia: kimoja kinapanda kutoka kijijini, kingine kinashukia chemchemi. Katikati hapakuwa na kitu. Vijana waliokuja kutoka Dodoma mjini, wengine na baiskeli zao za milimani, wengine kwa miguu, walifika juu wakageuza, wananung'unika. Mwenyekiti wa kijiji akatuambia: tukionyesha njia inayouvuka mlima mzima kabla ya mvua, upande wa juu utaachwa kwa ajili ya njia. Tukishindwa, utagawiwa mashamba.

Ndipo uliposimama mkutanoni, umeegemea fimbo, ukasema ulipokuwa mtoto mlipitisha ng'ombe pale kila siku, kabla mifugo haijaondolewa kwenye milima hii kwa sababu ya mmomonyoko. Mzee Swalehe akakukata mbele ya watu: "Pale ni korongo tupu. Hiyo ni homa inaongea." Watu wakacheka. Baba, na mimi nilitabasamu. Kidogo tu. Uliniona.

Ulipolala kitandani ukanichorea kwa kidole juu ya blanketi. Minyaa inaanzia hapa, safu mbili, wazee walipanda ili ng'ombe wasiingie mashambani. Halafu mwamba unaovuja maji, mkono wa kulia. Ukiupita, pinda kushoto, utavuka korongo penye mawe bapa. Tulikwenda mara tatu, na simu yenye picha za satelaiti, na mara zote tatu tuliishia kwenye ukingo mrefu kuliko nyumba. Niliporudi mara ya tatu nilikwambia, "Pumzika, Baba, tutaangalia tena." Ulijua sikuamini. Ukaniita mama, kama ulivyozoea. "Mama, mimi si mwongo."

Siku nne baadaye.

Siwezi kuandika hicho kipande.

Baada ya hitma ya arobaini, wageni walipoondoka, Mama alikuwa anasugua masufuria, nami namlalamikia ule mwamba nisiouona. Akaniuliza tunaanzia wapi. Nikasema hapa nyumbani, tunapanda. Akaacha sufuria. "Baba yako alikuwa mchungaji," akasema. "Mchungaji anakuelekeza njia ya kurudi. Asubuhi ng'ombe wana njaa, wanatawanyika, njia iko wapi hapo? Jioni wameshiba, wanafuatana mmoja mmoja."

Baba! Kulia kwako kulikuwa kushoto kwetu. Mwanzo wako ulikuwa mwisho wetu. Na mimi mwalimu, ninayefundisha watoto wa watu jiografia, nilikaa pembeni ya kitanda chako siku zote zile nisikuulize hata mara moja ulikuwa unatokea wapi. Mama alijua kwa sababu amekusikiliza miaka yote hiyo.

Basi jana tukazunguka kwa bodaboda, baiskeli zimefungwa nyuma, mpaka chemchemi. Minyaa ilikuwepo. Si ua tena, ni miti mikubwa, safu mbili, na katikati uchochoro wa kupita ng'ombe mmoja, umejaa vichaka. Kwenye simu tulikuwa tunatafuta mstari mweupe wa udongo, kumbe mstari wenyewe umekuwa kijani. Idrisa akatangulia na panga. Mwamba ukatokea kulia, umelowa. Tukapinda kushoto. Nilipoyaona mawe bapa nilikaa juu yake nikalia kama mtoto aliyechapwa, kisha nikapanda baiskeli.

Sijui nikuelezeje ule mteremko. Ng'ombe hawapendi kuvunjika miguu, kwa hiyo kila mlima unapotisha njia inazunguka taratibu, inakupokea, inakupeleka kona nyingine. Nilikuwa naachia breki nakamata, naachia nakamata. Nilipiga kelele za furaha mpaka watu waliokuwa shambani wakadhani nimevamiwa na nyuki. Nikatokea nyuma ya zizi lako la zamani, vumbi tupu, na Mama amesimama mlangoni, mikono kichwani.

Leo asubuhi Mzee Swalehe kaja mwenyewe, na mwenyekiti na nusu ya kijiji. Wameitembea yote kwa miguu. Mzee alifika kwenye minyaa akaushika mti mmoja, akasema, "Sisi tulichunga upande mwingine, huku sikuwahi kufika. Marehemu anisamehe." Mwenyekiti akatamka palepale kwamba upande wa juu hautagawiwa. Watu wakapiga makofi. Nikaomba kusema. Nikasema baba yangu hakuwa mwongo, na kwamba siku ile mkutanoni mimi binti yake nilitabasamu pamoja nao. Hakuna aliyecheka.

Jumamosi vijana wa mjini wanakuja. Hawatageuza.

Kwaheri, mzee wangu. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako. Nakuahidi kila mwaka, mvua zikiisha, nitaifyeka njia yako kwa mikono yangu, hata nikizeeka. Na nakuahidi jambo jingine. Mama alizaliwa ng'ambo ya bonde, na siku alipoletwa hapa kuolewa alikuja kwa miguu, kwa njia ambayo hakuna kijana anayeijua. Sijawahi kumuuliza. Yuko jikoni, namsikia anapepeta mchele. Naenda kumuuliza sasa hivi, akiwa hai, na nitamwamini.

Binti yako,
Saumu