Amenisusa, na Kocha Anasema Nimwache

Tiya Choleng mpendwa, shangazi yetu wa gazetini, naomba unijibu kabla ya Jumatatu, maana nimekaa na jambo hili wiki tatu na kila ninayemwuliza ananijibu kama kitabu.

Nina miaka thelathini na moja, nina kampuni ya biskocho, ile mikate ya kukaushwa tanurini, hapa Jaro, mjini Iloilo, nilianzia jikoni kwa mama na tanuri moja na jirani yetu niliyemwita dada mkubwa, Manang Nening, ambaye ndiye aliyenifundisha kujua kama mkate umekauka kwa kuusikiliza unapovunjwa, na sasa miaka minane imepita, tuko watu thelathini na wanne, na mwaka huu wamekuja wawekezaji kutoka Manila, na pamoja na fedha zao wakaniletea kocha, si wa mpira, kocha wa viongozi, anaitwa Dindo, tunaonana kwenye kompyuta kila Jumanne, na sitasema uongo, amenisaidia, nimejifunza kupanga siku yangu na kuwaambia wanunuzi hapana, kabla yake nilikuwa nalia stoo.

Basi Kocha Dindo akaniambia kinachoniangusha ni kuendesha kampuni kama familia, kwamba kiongozi husema ukweli mbele ya wote na kila mtu aitwe kikazi, nami Jumatatu iliyofuata nikasimama kikaoni nikasema, "Mzigo wa Cebu umechelewa mara mbili, na kosa ni la wapishi. Bi Gustilo, tueleze." Bi Gustilo, mkuu wa wapishi wetu, ndiye Manang Nening. Tiya, sijawahi kumwita hivyo maishani mwangu. Watu wakatazama sakafu. Yeye akatabasamu, akasema, "Halitajirudia, Madam." Mimi huyo ananiita Inday, kama binti yake, tangu nina meno ya utoto.

Na kweli halijajirudia, mizigo inatoka kwa wakati, lakini saa nne tukila yeye anakwenda kula peke yake kwenye magunia ya unga, Ijumaa tukiimba karaoke anasema koo linamwuma, na huyo ni mtu mwenye maikrofoni yake mwenyewe, nikimwuliza kama kuna tatizo ananiambia, "Wala, Madam, kwani kuna nini?" Kitu pekee ambacho hakijabadilika ni kwamba kila asubuhi nakuta mezani kwangu vile vipande vya pembeni vya mkate ninavyovipenda, vimefungwa kwenye karatasi, nadhani ni mazoea tu. Kocha akasema, "Usimkimbilie. Ni mtu mzima, akiwa na la kusema mlango wako uko wazi." Nikamwandikia barua pepe ya heshima kumwalika tuzungumze nusu saa, akajibu, "Nimepokea, Madam," na hakuja.

Jana ameleta barua ya kuacha kazi. Mwisho wa mwezi anahamia kwa dada yake, Bacolod, kisiwa cha pili. Hakuna mwingine anayejua mkate kwa sikio, na Kocha anashauri nimrekodi akifanya kazi kabla hajaondoka, kisha Jumatatu niwatangazie wafanyakazi. Na niungame, Tiya: siku ile aliponiita Madam, kabla sijaona aibu, nilifurahi kidogo. Nifanye nini?

Mkurugenzi wa Jaro

TIYA CHOLENG ANAJIBU

Mkurugenzi wa Jaro, nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikitafuta mahali ulipomwomba radhi huyo mama. Sijapaona.

Najua wasomaji wanasubiri nimrarue kocha wako. Simrarui. Amekutoa stoo ulikokuwa unalia, na hiyo ni kazi. Ila nashangaa amelelewa na nani hata hajui kwamba mtu aliyenuna hasemi. Kwetu ukiumizwa na usiyempenda, unamtukana sokoni, mambo yanaisha. Ukiumizwa na unayempenda, unanyamaza na kusubiri kubembelezwa. Wewe ukafungua mlango ukakaa, ukitaka aliyeumia ndiye atembee, tena kwa nusu saa ya miadi! Hili ulilijua kabla hujajua kusoma. Ulijisahaulisha kwa sababu u-Madam ni mtamu. Pole, sote tumeuonja. Nilipofanywa mwalimu mkuu nilitembea mwezi mzima kama bata aliyevishwa viatu.

Halafu hivyo vipande vya pembeni. Mazoea? Binti, mtu aliyemalizana nawe hakufungii chakula kwenye karatasi. Wiki tatu huyu mama anakuita kila asubuhi, nawe unatafuna na kumjibu kwa barua pepe.

Habari za kumrekodi sitaki kuzisikia. Ukienda kwake na simu mkononi, basi kweli aende Bacolod, nami nitamsindikiza.

Jumapili baada ya misa nenda nyumbani kwake. Usiende peke yako, nenda na mama yako, maana ndiye wa kuanza na habari za magoti na wajukuu mpaka nyuso zilegee. Beba chakula ulichopika kwa mikono yako, na kisiwe biskocho. Atakwambia, "Mbona mmejisumbua, Madam, mimi sina neno." Usimwamini, wala usibishane naye. Sema, "Manang, nilikuaibisha mbele ya watu. Nilikosa." Usiongeze "lakini". Usitaje mkate, usitaje barua yake.

Na hiyo Jumatatu yako usitangaze kitu. Simama palepale uliposimama, mbele ya watu walewale, uyaseme tena maneno hayo, kwa sababu radhi ya sebuleni haifuti aibu ya kikaoni. Mzigo ukichelewa siku nyingine, mwambie. Wewe ni mkuu wake na ukweli lazima ausikie. Lakini mwambie kando, na umwite Manang. Jumanne mweleze Kocha wako yote, na yeye ajifunze.

Huenda Manang akaondoka hata hivyo. Dada ni dada, na ni haki yake, nawe utambebea mabegi mpaka bandarini bila kununa. Ila Jumapili akikwambia hana neno, usinyanyuke. Omba sahani ya pili. Kaa hapo mpaka akuite Inday.