Spana Ajifunza Kufuma

Nyumbani kwa wazazi,
Jumapili mchana,
tarehe 9 Novemba.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani, na huyo mgeni aliye tumboni anakuachia hata usingizi kidogo? Shemeji yangu amepona kile kikohozi? Mimi mwenyewe sina neno, ila magoti tu, na hayo ni ya umri, hayana dawa.

Nimekaa mezani tangu asubuhi nikilizungukazunguka jambo moja, kwa hiyo bora nilitue. Miezi minne iliyopita, baridi ilipokuwa imekaza, Mama alipata kiharusi. Tulia kwanza. Yuko hai, anasema, anacheka, na kutugombeza anatugombeza kama kawaida. Lakini mkono wake wa kulia ulilala.

Ulipouliza kwenye simu kwa nini sauti yake imekuwa nzito, nilikwambia ni mafua. Nilikudanganya. Wakati ule daktari alikuwa amekulaza kitandani, amekukataza hata kufagia, naye Mama akaniapisha palepale hospitalini, ulimi wenyewe haujakaa sawa: "Mwenye mimba haongezewi mzigo." Nikatii. Ukitaka kulaumu, nilaumu mimi.

Kiharusi kilimkuta na sweta magotini, lile la kijani la mwalimu mkuu wetu, limebaki mkono mmoja tu liishe. Aliporudi nyumbani baada ya siku tisa aliliangalia, kisha akanisukumia kikapu kizima, sindano za kufumia na uzi wote. "Wagawie watu," akasema. Nilikipandisha juu ya kabati. Unamjua Mama, kufuma ndiyo kalenda yake. Wakati wa joto anafumua masweta makuukuu na kuanika uzi uani, mvua zikianza anafuma ya watoto, na baridi ikifika nusu ya mtaa wamevaa kazi yake. Mwaka huu baridi ilipita mikono yake ikiwa imelala mapajani.

Dada wa mazoezi alimpa kimpira cha kuminya. "Mimi si mtoto wa kuchezea mpira," akasema, na mpira ukaishia uvunguni. Daktari alikuwa ametuambia wazi kwamba mkono usipotumika utasahau kazi. Lililoniuma zaidi ni pale alipoanza kusema hatakuja kwako utakapojifungua. "Mkono usioweza kubeba mtoto unakwenda kufanya nini huko?" Hakulia. Angelia, ningejua la kumwambia.

Sasa sikia habari za Baba. Watu bado wanamwita Spana, ingawa huu ni mwaka wa sita tangu aache gereji, na unakumbuka alivyokuwa akilalamika kwamba anakuta nyuzi hadi kwenye mchuzi. Basi mvua zilipoanza, siku moja nilirudi kutoka shuleni nikawakuta wawili hao kwenye kochi la dirishani. Kikapu kimeshuka kabatini. Baba amevaa miwani, ameshika sindano kama mtu anayekaza nati, na sweta la kijani liko mapajani mwake. Mama anaelekeza kwa kidole cha kushoto.

"Umeruka kitanzi."

"Kipi?"

"Hicho. Fumua."

"Mstari mzima?"

"Mstari mzima."

Akafumua. Baada ya kitambo akasema, "Nimefungua injini za malori, huu uzi ndio utanishinda?"

"Injini hazikuwa na mimi pembeni," Mama akamjibu.

Nilikwenda jikoni nikacheka vizuri.

Walikaa hivyo kila alasiri, wiki tatu nzima. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alimwona dirishani akamtania, "Spana, siku hizi umekuwa bibi?" Baba hakuinua macho. "Wewe unashika kitana na mkasi kutwa, nani amekuuliza?" Jumamosi yake kinyozi huyohuyo akaja kupimwa kichwa, anataka kofia.

Halafu ikaja Jumanne moja. Mimi nilikuwa mezani nasahihisha madaftari. Baba alikosea mahali palepale mara ya nne, pale mkono wa sweta unapoanza kupunguzwa. Mpaka leo sijui kama alikosea kweli. Nimemuuliza, ananiambia nimletee chai. Mara tatu Mama alimvumilia. Mara ya nne akasema, "Lete hapa," akanyoosha mkono kuichukua sindano.

Ulikuwa mkono wa kulia.

Vidole vilijikunja polepole, sindano ikakaa kidogo, ikaanguka. Baba akainama, akaiokota, akairudisha kwenye mkono uleule. Ikaanguka tena. Akaiokota tena. Nilihesabu mara saba nikaacha, maana macho yangu yalikuwa hayaoni tena vizuri.

Sitaki kukupa matumaini ya bure, nimeshachoka na uongo. Mkono haujarudi ulivyokuwa. Hawezi kufunga kifungo wala kumenya kiazi. Ila sasa anaishika sindano huku Baba akizungusha uzi, na hivyo hivyo wamelimaliza sweta. Mkono mmoja umeupita mwenzake kwa vidole viwili. Mwalimu mkuu anaukunja na kufundisha. Kimpira nacho kimetoka uvunguni. Mama anakiminya akisikiliza redio, anadhani simwoni.

Jana nilimwambia siwezi kukuficha tena, nitakuandikia. Nilijiandaa kwa ugomvi. Badala yake akauliza umebakiza wiki ngapi. Nikamwambia saba. Akamgeukia Baba akamwambia apanguse vumbi lile sanduku kubwa.

Nisalimie shemeji, mama mkwe wako, na yule jirani yako mshonaji aliyekupikia ulipokuwa umelala. Shangazi anakusalimu, na mume wangu pia, anasema jina la mtoto msilipange bila yeye. Mungu akufungulie salama, na akupe moyo wa kunikasirikia siku moja tu, isizidi.

Mama anataka uweke kiti chenye mikono karibu na dirisha, penye mwanga. Nimemuuliza tena, nipate kuandika kwa uhakika: na mtoto je, nani atambeba? Amenitazama kama mwanafunzi asiyesikia.

"Atabebwa na baba yenu," amesema. "Mimi nitakuwa pembeni."

Wako akupendaye, hata alipokuficha,
Dada yako