Alhamdulillahi Mbili

Dada yangu Filomena,

Mimi ni Zaina, binti wa Bi Mwanaisha, yule mama wa presha uliyekuwa ukimpokea kwenye kituo chetu cha afya kila mwezi. Nakuandikia huko uliko, kambi ya gesi, na sikufichi, nina hasira.

Unaikumbuka siku ya kwanza? Ulimuuliza, "Hujambo, mama?" Akajibu, "Sijambo, alhamdulillahi, alhamdulillahi." Ukacheka. Ukamfunga kile kitambaa cha kupimia, ukatazama mashine, kicheko kikaisha. Tulipotoka ukanivuta pembeni: "Mama yako akishukuru mara moja, mzima. Akishukuru mara mbili, mpime haraka. Huyu anaona haya kuumwa." Wewe mtu wa bara, wa Mueda, Mkristo, ulimsikia mama yangu kuliko sisi tuliolelewa naye. Nilikupenda siku ileile.

Kisha gesi ikaonekana, kambi ikajengwa, kampuni ikakutaka ukauguze wafanyakazi wake, ukaenda. Kwenda sikulaumu, nani angekataa? Lakini ungemwachia mwenzako neno lile! Tangu uondoke tumebadilishiwa wauguzi mpaka nimeacha kushika majina. Kila anayekuja anaanza upya: jina, umri, unatoka wapi. Mama akachoka. "Miaka yote hii," akaniambia, "bado mgeni tu hapa."

Mwezi uliopita alikaa mbele ya muuguzi mpya, miguu imevimba.

"Está bem, mama?" akamuuliza hali kwa Kireno.

"Alhamdulillahi, alhamdulillahi, mwanangu."

Akaandika kwenye kadi kwamba yuko vizuri. Mashine, akasema, haina betri. Akaita mwingine. Na mimi nilikuwepo, dada. Nilizisikia zote mbili. Ila nimkanushe mama yangu mbele ya watu? Nikanyamaza, nikambebea mkoba wake tukarudi nyumbani. Nimejikasirikia mpaka leo.

Siku ya tatu alianguka jikoni. Mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi, na ulimi umekuwa mzito.

Juzi tulimrudisha kituoni. Muuguzi mwingine tena. "Hujambo, mama?" Mama akafungua mdomo, akahangaika, jasho likamtoka, lisitoke neno hata moja. Muuguzi akavuta kadi akaandika: mgonjwa. Ni mara ya kwanza kuandikwa hivyo tangu uondoke.

Wakikupa likizo, njoo umwone. Kwako hahitaji kusema.

Ni mimi mdogo wako, niliyenyamaza,
Zaina