Mwaitu, Hukurogwa

Mwaitu,

Nimepita, mama! Alhamisi nilitetea utafiti wangu mbele ya maprofesa watano. Walipochoka kuniuliza maswali, mkubwa wao alinishika mkono akaniita Daktari. Mimi, Mutheu wako wa Mbumbuni. Nilienda chooni nikalia, nikarudi nikicheka.

Unakumbuka mwaka ule ulipofanyiwa upasuaji, ukatolewa kizazi na ovari zote mbili? Ulikuwa na miaka thelathini na tisa. Ulirudi nyumbani, joto likawa linakupanda hata asubuhi za Julai. Ukaanza kusahau. Ukatia muthokoi wetu wa mahindi chumvi mara mbili. Ukaniita kwa jina la dada yako. Halafu Jumapili moja ukiongoza kwaya maneno yakakupotea, na Mama Mchungaji akakuketisha mbele ya watu wote. "Huyu amerogwa," alisema.

Njiani uliniambia, "Sijarogwa, Mutheu. Kuna kitu nimetolewa, na kichwa kinakitafuta."

Mama, ulikuwa karibu na ukweli kuliko sisi sote. Ovari hutengeneza homoni mbili, estrojeni na projesteroni. Estrojeni husaidia kulinda seli za ubongo, lakini haifanyi kazi peke yake. Kwa panya wangu wa maabara, projesteroni ikikaa mfululizo ilipunguza ulinzi huo. Ikija na kuondoka, kama inavyofanya mwilini mwetu, hizo mbili zilisaidiana, seli zikawa imara. Miaka minne nimekaa na swali hilo. Siwezi kusema jibu lake lingekuponya. Panya si mtu. Lakini naweza kusema hukurogwa.

Na jana nililisema hilo kanisani, kwa maikrofoni! Mama Mchungaji, ambaye siku hizi anatembea kwa mkongojo, akainuka polepole. "Nilimkosea mama yako," akasema. "Na mimi pia nasahau." Mama mwingine akasimama: "Hata mimi." Wakafika saba, Mwaitu, wamesimama bila aibu. Jumanne nawapeleka wote wakaonwe na daktari wa ubongo.

Laiti ungekuwa hai uwaone.

Sasa pumzika, mama yangu. Mwezi ujao naanza kazi katika kliniki moja Kitui, huko Tseikuru, mbali na hospitali kubwa. Nakuahidi hivi: mwanamke yeyote akiniambia kichwa chake kimebadilika, nitavuta kiti, nimsikilize mpaka amalize.

Mwanao,
Mutheu